Sauti Isiyobisha Hodi

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa maghorofa, mafundi na wanafunzi wa ujenzi, Dar es Salaam

Vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona. Nimepewa saa moja. Simu nimeitega kengele ya saa kumi na mbili kamili, kwa sababu mwalimu mstaafu akishapewa kipaza sauti hajui kuketi, na wengine wenu mna Magharibi ya kuwahi.

Nianze na usiku umeme unapokatika. Anayekaa ghorofani anaujua usiku huo. Feni inamaliza mizunguko yake ya mwisho, friji inakohoa na kunyamaza, na papo hapo unatambua kwamba miaka yote hii hukuwa unaishi peke yako. Upande wa kushoto mtu anapiga chafya. Chini yako mume na mke wanabishana juu ya ada ya shule, nawe unajua nani anaficha, maana juzi ulimsikia akitaja kiasi kingine kwenye simu. Juu mtoto anaburuta kiti kutoka mezani hadi dirishani. Maji yanashuka kwenye bomba la choo lililopitishwa nyuma ya kitanda chako, unayasikia yakipita ghorofa moja baada ya nyingine kama abiria anayeteremka ngazi. Kisha umeme unarudi, feni inafunika yote, na asubuhi tunakutana ngazini tukiamkiana kama watu ambao hawakusikia kitu.

Waswahili tuna sauti moja yenye adabu kuliko zote: hodi. Mgeni anasimama nje, anaitoa, anangoja aitikiwe. Asipoitikiwa mara tatu anarudi alikotoka. Kwa hiyo tangu zamani tumejua kwamba sauti inaweza kuomba ruhusa. Nikisema kelele jioni hii sina maana ya sauti kubwa. Ngoma ya harusi ya binti yako ni sauti kubwa, wala si kelele kwako. Tone la maji linaloanguka kwenye ndoo ya jirani saa nane za usiku ni sauti ndogo, na ni kelele. Kelele ni sauti iliyoingia chumbani mwako bila kubisha.

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja waliliona jambo hili. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za unene wa karibu nusu mita, vyumba vyembamba na virefu kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali. Mgeni wa kiume aliishia barazani au dakani. Ndani hakuona wala hakusikia. Hilo waliliita sitara. Siku hizi tukisikia neno sitara tunafikiria pazia na buibui, mambo ya macho. Ile nyumba ilikuwa imelisitiri hata sikio. Bila shaka ilikuwa sitara ya wenye uwezo, na watumwa waliobeba yale mawe haikuwa yao; tusizisifu kuta hizo bila kulikumbuka hilo.

Wengi wetu lakini hatukutoka Mji Mkongwe. Tumetoka nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, choo na kisima au bomba. Mliokulia Magomeni, Temeke au Ilala tazameni tena juu katika kumbukumbu zenu. Kuta za vyumba zilipanda mpaka kwenye lenta zikakoma. Juu yake palikuwa na nafasi moja wazi chini ya bati, na kama kulikuwa na dari ilikuwa ya gunia au ya bodi nyembamba. Mpangaji wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita alimwambia pole. Hakukuwa na sitara hata chembe katika matofali, ikabidi iwekwe kwenye tabia. Ulisikia, ukanyamaza. Bibi yangu alikuwa akisema kuhusu mpangaji mmoja aliyerudia maneno ya chumba cha jirani uani, wakati watu wanafua: "Yule hana dari." Hakuna tusi kubwa zaidi ambalo nilimsikia akilitoa.

Kisha tukapanda juu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, miaka michache baadaye Zanzibar ikaanza kujenga maghorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kwanza Kikwajuni, halafu yale majengo marefu kama treni ya Michenzani. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na watu waliozoea uani wakajikuta Upanga na Kisutu, ghorofa ya tatu, na kinu chao na mbuzi yao ya kukunia nazi. Hatukuacha kitu nyuma isipokuwa ardhi. Kinu kikikaa uani, pigo lake linamezwa na mchanga. Kikikaa juu ya zege linakwenda mbali.

Hapa naomba nitoe ushahidi wangu mwenyewe, na wa kujiaibisha.

Nilipohamia jengo ninalokaa sasa nilipewa ghorofa ya pili. Kila siku, saa kumi na nusu alfajiri: du, du, du. Mapigo mazito yenye mwendo, na yalitoka darini kwangu, ningeapa. Wiki ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikalala na mto juu ya kichwa. Ya tatu nikapanda ngazi, msuli kiunoni na hotuba mdomoni. Nikabisha. Mlango ukafunguliwa upesi kuliko nilivyotegemea, na mama mmoja mtu mzima, kanga kichwani, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hasira haifuti adabu.

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja mwenyewe, nilikuwa nashuka kwako. Hivi kila siku alfajiri unatwanga nini?"

Tukabaki tumesimama, mikono mitupu sote wawili, na du, du, du ikiendelea chini ya miguu yetu, au juu yake, au ubavuni. Hotuba yangu yote ikanikwama. Tukashuka pamoja tukisikiliza kila mlango, tukamkuta mtwangaji ghorofa ya kwanza, upande wa pili wa ngazi kabisa: mama ntilie anayewahi kuandaa kisamvu chake cha mchana. Kinu kimekaa juu ya marumaru, hatua moja kutoka kwenye nguzo.

Mafundi mliopo mnajua kilichotokea. Pigo linaingia kwenye slabu. Slabu imemwagwa pamoja na bimu, bimu imeshikana na nguzo kwa nondo, na nguzo hiyo hiyo inapanda hadi juu. Kwa macho ni sakafu nne na nyumba nane. Kwa sauti ni jiwe moja. Mtetemo hukimbia ndani ya zege karibu mara kumi ya mwendo wa sauti hewani, na haupungui sana njiani. Ukifika kwangu, dari nzima inatetema kidogo kidogo na kugeuka spika. Sikio langu linaambiwa na dari, linaamini ni juu. Sikio la yule mama linaambiwa na sakafu, linaamini ni chini. Wala hatukuwa wajinga, ila hatukujua njia.

Tulitafuta tairi kuukuu la gari dogo, tukajaza gunia la mchanga katikati, juu yake ubao, na kinu juu ya ubao, mbali na nguzo. Mama ntilie alilalamika siku mbili kwamba kinayumba, ya tatu akazoea. Aliloniambia ndilo limenikaa: "Mwalimu, mngeniambia tu. Mimi nilidhani nyumba ya zege haisikiki." Wiki tatu watu wawili wazima tulikuwa tukimwandalia kesi mtu asiyehusika, na mhusika hakuwa na habari.

Basi ndiyo maana mtu akiniuliza, mwalimu, nifanyeje na jirani yangu, ninamwambia kwanza aitafute njia, mtu baadaye. Kuna sauti inayosafiri hewani: maneno, redio, kilio cha mtoto. Kuna sauti inayozaliwa kwa kugonga jengo lenyewe: kinu, kisigino, mguu wa kiti, pampu ya maji iliyofungwa ukutani. Dawa zake hazifanani hata kidogo, na nimeona watu wakimaliza mkopo mzima kwa kununua dawa ya moja kutibu nyingine.

Niruhusuni niwaonyeshe. Hapa mezani nina sufuria ya alumini na mfuniko wake, pamba, kanga, na donge la unga wa chapati ambalo mke wangu alilitoa kwa shingo upande. Simu yangu naiwekea muziki. Naiweka ndani ya sufuria, sufuria juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Wote mnasikia? Naona hata wa mlangoni wanatikisa vichwa.

Sasa naizungushia pamba. Imepungua ukali, sivyo? Lakini maneno ya wimbo bado mnayafuata moja moja. Hizi ndizo zile trei za mayai ambazo vijana wanabandika ukutani wakidhani wamejenga studio. Mtu aliyetufundisha habari hii ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka kwa mwangwi, naye akawa anabeba matakia ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, anayapanga, anapima mwangwi kwa saa mpaka unyamaze, kisha anayarudisha kabla ya asubuhi. Alithibitisha kwamba kitu laini hula mwangwi wa chumba kile kile kilimo. Hakusema kinamzuia jirani asisikie. Takia halizuii sauti kupita, kama chandarua kisivyozuia mvua. Pazia zito, zulia la ukutani, trei za mayai: vitakupa chumba kitulivu cha kuongelea, na jirani ataendelea kukusikia.

Natoa pamba. Nafunika mfuniko, lakini naacha upenyo wa kidole. Mnaona? Karibu ni kana kwamba sikufunika. Sasa nazungusha unga wa chapati pembeni, naziba pande zote. Walio nyuma, anayesikia bado anyooshe mkono. Mmoja. Yule ni mwanafunzi wangu wa zamani, siku zote alikuwa mbishi.

Alumini hii ni nyembamba kama karatasi, na bado imefanya kazi. Kilichokuwa kinatushinda ni upenyo. Sitawaacha na mfano wa jikoni tu. Mlango wa kawaida wa nyumba una upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2. Fundi ameuchonga kwa mninga, umemgharimu mwenye nyumba fedha za kutosha, lakini chini ameacha nafasi ya sentimita 2 ili usikwaruze marumaru. Nafasi hiyo ni sehemu moja katika mia ya mlango wote. Hesabu ya sauti inasema kitu chenye uwazi wa moja kwa mia hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata kama kilichobaki ni chuma cha kasiki. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila 10 zinapoongezeka, sikio huona sauti imekuwa kama mara mbili. Mtu anayeongea kawaida mbele yako ni kama 60. Toa 20 za mlango wa mninga, zimebaki 40 zinazotoka koridoni. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kelele katika jamii mwaka 1999 lilitaja 30 kwa chumba cha kulala. Umelipia mlango, na usingizi bado haujaupata.

Ukuta, kwa upande wake, unasingiziwa mno. Tofali la inchi 6 lisilo na matundu, likisimamishwa na kupigwa plasta pande zote mbili, hupunguza desibeli 45 hadi 50 hivi. Toa hizo kwenye mazungumzo ya kawaida, kinachobaki hata mende hakisikii. Kwa hiyo ukiyasikia maneno ya jirani, si mnong'ono wala mvumo bali maneno yenyewe, herufi kwa herufi, jua kwamba ukuta una tundu, au yamepita kando ya ukuta. Angalia soketi: fundi umeme amechimba huku na kule mahali pamoja, visanduku vimegusana migongo, hakuna tofali kati yake. Angalia juu: mstari wa mwisho wa tofali haukujazwa udongo wa saruji chini ya slabu, dari ya jipsamu ikaja ikaficha aibu. Nimebomoa dari kama hizo, nikapitisha mkono wangu mpaka kwa jirani. Na kama ni tofali zenye matundu, ambazo plasta imepigwa upande wa sebuleni tu kwa sababu upande wa pili uko nyuma ya kabati, sauti inapenya ndani ya tofali lenyewe kama maji kwenye sponji.

Njia ya kutafuta upenyo haihitaji kifaa. Zima feni, funga madirisha, washa kijiti cha udi. Kipitishe taratibu ukingoni mwa mlango, kwenye soketi, pembe za dari, pale bomba linapopenya ukutani. Moshi ukivutwa au ukisukumwa, hapo pana njia, na panapopita hewa sauti inapita. Ziba kwa saruji penye tundu kubwa, silikoni penye ufa, utepe wa mpira kwenye fremu, na chini ya mlango ubao mwembamba wenye ulimi wa mpira. Kabla ya kugusa soketi zima umeme kwenye swichi kubwa. Kazi yote hiyo haifiki bei ya sofa moja.

Wengine mtasema, basi niongeze ukuta. Ukuta ukiufanya mnene mara mbili unapata desibeli 5 au 6 tu, wakati sikio linataka 10 ili liseme kelele imepungua nusu. Fedha nyingi, nafuu kiduchu. Fundi anayekushauri hivyo kabla ya kuzungusha udi anakutafutia yeye kazi.

Kuna jambo moja vitabu vya watu wa nchi za baridi havitusaidii, nalo ni hewa. Wao wakiziba madirisha wanapata kimya na joto, yote mawili wanayataka. Sisi Februari tukiziba tunapikwa. Madirisha ya luva ndiyo tabu tupu: hata yakifungwa vioo vinapishana tu, mwanga wa taa ya jirani unaingia na maneno yake yanaingia. Lakini yalipendwa kwa sababu yanapumua, na nyumba isiyopumua hapa pwani si nyumba. Basi sikuambii uzibe kote. Jua upepo wako unatoka wapi, kusi na kaskazi, acha wazi upande huo, na upande unaotazama dirisha la jirani au kile kishimo cha hewa cha katikati ya jengo weka kioo kisichofunguka. Kishimo kile, ndugu zangu, ni tarumbeta. Jiko la ghorofa ya chini likisonya, ghorofa ya sita wanauliza nani kakasirika.

Na kabla ya yote hayo, hamisha kitanda. Nasema kweli, msicheke. Kitanda kilichoegemea ukuta wa pamoja, au ukuta wenye bomba la choo, kitoe. Ni bure. Feni nayo ina kazi ya pili ambayo hatuishukuru: mvumo wake mmoja usiobadilika unafunika sauti ndogo ndogo zinazotustua. Ndiyo maana umeme ukikatika tunaamka.

Sauti ya kugonga hutibiwa pale inapozaliwa, si pale inaposikika. Aliye chini hana la kufanya kubwa; aliye juu anaweza kwa shilingi chache. Kata kandambili kuukuu vipande, bandika chini ya miguu ya viti na meza. Mkeka au zulia penye njia ya kupita watoto. Ndani vua viatu, jambo ambalo kwa Mswahili halikuwa na haja ya kufundishwa, mpaka marumaru za kung'aa zilipokuja na watu wakaanza kuvaa viatu sebuleni ili waonekane. Pampu ya maji ifungwe juu ya mpira, na bomba lake lisikandamizwe ukutani kwa chuma kitupu. Mashine ya kufulia isigusane na kabati. Haya nayapita haraka kwa sababu hayana siri.

Sabufa ina siri. Sauti ya besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, kubwa kuliko chumba chenyewe, na ukuta unaozuia maneno vizuri hulegea mbele yake. Ndiyo maana kwa jirani husikii wimbo, unasikia tumbo la wimbo: dum, dum. Mwenye muziki akiambiwa apunguze anapunguza sauti yote, anakosa utamu, baada ya dakika kumi anairudisha. Mwambie apunguze besi peke yake, wimbo auache. Na sabufa aiinue kutoka sakafuni, aiweke juu ya kipande cha godoro. Nimewapatanisha watu kwa kitufe hicho kimoja, wala hakuna aliyenunua soda.

Wanafunzi wa ujenzi, zamu yenu, na kwenu sina huruma. Haya yote ninayowafundisha wazazi wenu ni viraka vya makosa mliyochora, au walimu wenu waliyochora. Chumba cha kulala kiwe juu ya chumba cha kulala, jiko juu ya jiko. Mimi nina jiko la mtu juu ya kitanda changu kwa sababu mtu aliyechora alitaka roshani mbili zitazame barabara. Bomba la choo lisipite kwenye ukuta wa chumba cha kulala, likilazimika, livikwe. Milango ya nyumba mbili isitazamane koridoni. Chini ya sakafu, kabla ya kumwaga saruji ya juu na kubandika marumaru, tandikeni tabaka laini linalovumilia uzito, na ukingoni saruji ile isiguse ukuta, iwe imeelea. Ikigusa mahali pamoja tu, pigo limeshapata daraja. Uingereza tangu 2003 kanuni za ujenzi zinataka ukuta na sakafu baina ya nyumba mpya za ghorofa zizuie sauti ya hewani angalau desibeli 45 kwa kipimo chao, na sauti ya kugonga nayo ina kikomo chake. Hapa mnunuzi anakagua marumaru, anafungua bomba, anauliza lifti ya kampuni gani. Sijaona aliyemwomba mwenzake apande juu akaruke.

Sheria zipo. Kanuni za kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 zilitoka 2015, nazo zina vipimo vyake. Wenzetu wa Kenya walitunga zao 2009: ndani ya nyumba ya makazi mchana ni desibeli 45, usiku 35, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja. Ningependa kumwona askari atakayepita mitaa yao ya Umoja au Zimmerman saa mbili na dakika mbili akiwa na kipimo mkononi. Kanuni hizi ni za baa, za spika za mahubiri, za viwanda. Huko tuzitumie bila haya. Kisigino cha jirani hazikifiki. Kinachofika karibu zaidi ni kanuni za jengo lenyewe. Sheria ya 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inawataka wamiliki wawe na umoja wao, nao wanaweza kukubaliana saa ya kutoboa kuta, saa ya kusukuma maji, siku ya kuhamisha fanicha. Majengo mengi yana umoja ambao kazi yake ni kudai hela ya mlinzi.

Halafu kuna kundi la simu. Kila jengo linalo. "Kuna baadhi ya wakazi tunaomba wajirekebishe." Kila mmoja anajua ni nani, na mwenyewe peke yake ndiye asiyejua. Andiko kama hilo ni mawe ya kurusha gizani. Nenda mwenyewe. Usiende usiku na damu imechemka, nenda kesho yake jioni, na usiende mikono mitupu ukiweza. Sahani ya vitumbua imemaliza mashauri mengi kuliko baraza la kata. Mwambie unachokisikia na saa unayokisikia, usimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Kisha mkaribishe kwako asikie. Hili la mwisho watu wanaliruka, na ndilo lenye nguvu. Mkaribishe akae kitandani kwako, na mwanawe abaki juu atembee. Nimemwona baba mmoja mkubwa wa mwili akisikia nyayo za familia yake kutoka chini kwa mara ya kwanza. Alisema, "Kumbe sisi ni tembo." Zulia alinunua Jumamosi ile ile.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye shughuli, arobaini, kicheni pati, mtoto kafaulu, tangulia kubisha milango yote kabla. Sema saa ya kuanza, sema saa ya kumaliza, na hiyo ya kumaliza iwe ya kweli. Ngoma ni ile ile, desibeli ni zile zile, lakini imekuja na hodi.

Kuna watakaoniuliza habari ya jirani aliyeambiwa kwa upole, akaletewa vitumbua, akala, na bado. Yuko. Huyo ana mwenyekiti wa mtaa, ana baraza, ana kanuni za jengo, na mwisho wa yote kuna gari la kuhamia. Nilihama mara moja kwa sababu hiyo na sijutii. Ila hesabuni wangapi kati ya majirani mnaowanung'unikia mmeshawahi kuwabishia mlango. Mimi yule mama wa juu nilimjulia mlangoni kwake, saa kumi na nusu alfajiri, kwa kosa ambalo si lake, na leo ndiye anayebaki na ufunguo wangu nikisafiri. Kuhusu kinu, tairi lile lilishachakaa tukaweka la pili, na mama ntilie sasa anatwangia...

Mnausikia mvumo huo? Simu yangu. Bado imo sufuriani, imezibwa kwa unga, kanga nimeivuta bila kujua nilipokuwa nazungumza, na meza ndiyo inayonguruma. Wa mlangoni wamesikia kabla yangu. Ni saa kumi na mbili.